Keki si ya Wazungu: kisa cha sufuria ya Njoro



Juma lililopita nilialikwa harusini hapa Moshi. Ulipofika wakati wa keki, zikaingia keki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ghorofa tatu, nyeupe, imepambwa maua. Ya pili ilikuwa na pembe. Ndiyo, nazungumzia ndafu, yule mbuzi mzima aliyechomwa, majani mabichi mdomoni, akabebwa na vijana kwa wimbo hadi mbele ya maharusi. Mshereheshaji akapaza sauti: "Sasa ni zamu ya keki yetu ya asili!" Ukumbi mzima vigelegele.

Kijana mmoja aliyeketi kando yangu akaniinamia akasema: "Hii ndiyo keki yetu, mzee. Ile nyingine ni ya Wazungu, sisi tunaiga tu."

Nilicheka, sikumjibu, maana harusini si mahali pa kubishana. Lakini maneno yake nilirudi nayo nyumbani, yakanilaza macho. Nimezaliwa na kulelewa Njoro, hapa upande wa chini wa mji wa Moshi, katika nyumba ambayo keki ilipikwa kwa sufuria na makaa, na keki hiyo ndiyo iliyonisomesha. Kwa hiyo leo naomba ruhusa yenu nimjibu yule kijana. Atanisamehe nikichukua njia ndefu.

Tuanze na neno lenyewe. "Keki" ni neno la Kiingereza, hilo halina ubishi. Wajerumani ndio waliotangulia kututawala, na wamisionari wao wa Kilutheri, wale wa Leipzig, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wamisionari Wakatoliki walikuwa wamekwisha kujenga Kilema miaka michache kabla yao. Mjerumani alikuwa na jina lake la keki, lakini halikushika katika Kiswahili. Alichotuachia ni "shule", neno tunalolitumia hadi leo. Jina la keki likangoja Mwingereza.

Nakiri pia kwamba maelekezo ya kuchanganya siagi, sukari, mayai na unga wa ngano kwa vipimo yalikuja na Wazungu hao hao. Miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipoanzisha vilabu vya wanawake, akina mama walifundishwa kushona, kufuma, kutunza watoto na kuoka. Hapo kijana wangu ana haki yake, simnyimi.

Lakini keki haiivi kwa maelekezo. Keki huiva kwa moto. Mwalimu wa Kizungu alifundisha kwa kutumia oveni, na oveni ilikuwa nyumbani kwa bwana mkubwa, misheni au hotelini. Mama wa Njoro alikuwa na jiko la mkaa na masufuria mawili. Sasa nani alimfundisha kuivisha keki kwa vitu hivyo?

Jibu langu ni kwamba ufundi huo ulipanda kutoka pwani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji huu tuuonao ulikua pembezoni mwa kituo chake, ilhali Moshi ya kale iko kule juu mlimani. Reli haikuleta bati na saruji tu. Ilileta watu: makarani, mafundi, wachukuzi, wapishi, na wake zao. Wadigo, Wabondei, Wasegeju, watu wa Pangani na Tanga. Wengi wao wakapanga vyumba katika mitaa ya chini, wakachanganyika na Wapare na Wachaga walioshuka kutoka vihambani kutafuta kazi. Ndiyo maana mtoto wa Njoro alikua akisikia lugha nne uani, na Kiswahili ndicho kilichozipatanisha.

Watu hao wa pwani walikuja na neno moja: kupalia. Wali wa nazi ukikaribia kukauka, mpishi wa pwani hupunguza moto chini ya chungu, hufunika, kisha huweka makaa ya moto juu ya kifuniko. Huko ndiko kuupalia wali. Moto wa juu na moto wa chini, chakula kikaiva katikati. Kwa moto huo huo walioka mkate wa kumimina wa unga wa mchele na tui la nazi, na mkate wa mayai. Mtu akikuuliza tofauti ya mkate wa mayai na keki, utapata kazi ya kumweleza. Pwani walikuwa na kitu chenyewe, wakakiita mkate.

Kwetu Njoro aliyekuwa na ufundi huo ni bibi mmoja tuliyemwita Bibi wa Reli, kwa kuwa marehemu mumewe alifanya kazi reli. Alitokea Pangani. Mama yangu ni Mchaga wa Uru. Alipoolewa akashuka mjini alikuwa hodari wa mtori na kitawa, na mbege aliijua tangu ulezi unapooteshwa, lakini keki alikuwa hajaigusa. Bibi wa Reli alimwita "mwanangu", naye alimwita "mama". Jioni moja, mimi sijazaliwa bado, Bibi alimwonyesha jinsi ya kupalia.

Nitaueleza ufundi wenyewe, maana najua wapo wasomaji wanaoungoja. Unga wa ngano nusu kilo, sukari robo, siagi ya kopo robo, mayai sita, beking pauda vijiko viwili vya chai. Sukari na siagi vinasagwa pamoja kwa mwiko hadi viwe vyeupe na mkono uume. Mayai yanaingia moja moja, kisha unga uliochekechwa, na maziwa kidogo ukiona umekuwa mzito. Beking pauda isipopatikana, mama alitumia magadi soda na maziwa mgando, kwa sababu uchachu wa maziwa ukikutana na magadi hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Sufuria kubwa inatandikwa mchanga mkavu na kupashwa moto, sufuria ndogo yenye mchanganyiko inakaa juu ya mchanga, kifuniko kinafuata. Makaa machache chini, mengi juu. Wengi huunguza keki kwa kuligeuza hilo. Baada ya kama dakika 40 unachoma kijiti safi katikati, kikitoka kikavu, ipua.

Sasa vitazameni vile vitu vilivyoingia katika sufuria. Kila kimoja kina historia ya nchi ndani yake.

Sukari kwanza. Kusini mwa Moshi, pale Arusha Chini, kuna mashamba ya miwa ya TPC yaliyoanzishwa na Wadenishi mwaka 1930, yakataifishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2000 yakauzwa tena kwa wawekezaji. Sisi wa Njoro tumekua tukiuona moshi wa miwa inayochomwa kabla ya kuvunwa. Unga wa ngano nao haukutoka mbali. Upande wa Magharibi ya Kilimanjaro kulikuwa na mashamba ya ngano tangu enzi za walowezi, na baadaye Serikali, kwa msaada wa Kanada, ikafungua mashamba makubwa ya ngano kule Hanang. Mayai ni ya kuku wetu wenyewe. Kilichotoka nje ni siagi ya kopo na mafuta mazito, Blue Band na Kimbo, navyo vilitoka Kenya, ambako kwa gari la Taveta ni safari fupi tu.

Mtu angesema hapo keki isingekosekana Njoro. Basi ikakosekana.

Mimi nimezaliwa mwaka 1977. Mwaka huo ndio Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi Februari mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Kwa watu wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya gazetini. Kwa watu wa Moshi, Himo na Rombo ilikuwa ni kama mlango wa jikoni umepigiwa misumari. Mwaka uliofuata Idi Amin akatuvamia Kagera, tukaingia vitani, na vita ikatumaliza fedha. Mwaka 1979 bei ya mafuta ya petroli ikapanda duniani. Viwanda vikakosa vipuri, magari yakakosa matairi, na sukari iliyotengenezwa mlangoni petu ikawa haionekani dukani.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, unga wa ngano kwa kujuana. Tulikula ugali wa mahindi ya njano ya Marekani tukauita "Yanga". Chai ilinywewa kwa sukari guru, na wengine waliinywa bila chochote. Biashara ikahamia usiku. Walanguzi walivuka Holili na Tarakea na mizigo kichwani, na kopo la Kimbo likawa na heshima ya saa ya mkononi.

Mwezi Machi 1983 Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, akatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Nia ilikuwa kuwakamata wakubwa waliofungia bidhaa maghalani wakati wananchi wanateseka, na wapo waliokamatwa kwa haki. Lakini habari ikifika mtaani hubadilika sura. Watu wakaanza kuogopa hata vile vya chumbani kwao. Wengine walivitupa mtoni, wengine walivifukia.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kilo tatu za sukari chini ya kitanda na kopo moja la siagi ya Kenya. Baba alivipata kwa njia ambazo mtoto wa miaka sita hakuambiwa. Huenda hakuna mahakama ambayo ingemfunga mtu kwa kilo tatu, lakini hofu haina mizani. Baba akataka vikafukiwe. Mama akakataa. Nakumbuka alivyosema, maana alisema kwa sauti ya chini na sisi watoto tulidhaniwa tumelala: "Bora viingie tumboni kuliko viingie kituoni."

Usiku huo, mvua ya masika inanyesha, mama na Bibi wa Reli wakawasha majiko mawili wakaanza kupalia. Walipika keki mfululizo. Kosa lao lilikuwa moja tu. Sukari iliyofichwa haisemi, lakini keki inayoiva inasema mtaa mzima. Harufu ikatoka dirishani ikatembea Njoro, mahali ambapo watu walikuwa hawajaisikia kwa miaka.

Mara hodi. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Baba alisimama akashindwa kusema. Mama naye kimya. Bibi wa Reli ndiye aliyepokea salamu, akamkaribisha kitini, akamwambia kwa utulivu: "Ni mkate wa mayai tu, baba. Mjukuu wangu hapa hajisikii vizuri, nikasema nimchangamshe." Mjukuu huyo ni mimi. Nikavutwa kutoka kitandani, nikajitahidi kuumwa.

Balozi aliutazama mkate ule. Akakatiwa kipande, akala. Akakatiwa cha pili, akala polepole zaidi. Kisha akafunga kipande cha tatu katika leso, nadhani kwa ajili ya mkewe, akainuka. Mlangoni akageuka akamwambia mama: "Mkate huu ni mzuri sana, mama. Siku nyingine mkipika, fungeni dirisha."

Ndiyo keki ya kwanza ninayoikumbuka maishani mwangu. Sikujua habari za Wazungu. Nilijua kwamba ni tamu, kwamba watu wazima waliniangalia kwa hofu nikiila, na kwamba neno "mkate" lilituokoa.

Mwezi Novemba mwaka huo huo, wakuu wa Tanzania, Kenya na Uganda walikutana Arusha wakakubaliana jinsi ya kugawana mali ya Jumuiya, na mpaka ukafunguliwa. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine akafariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro, nchi ikalia. Bajeti ya Juni 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaja Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na maduka yakajaa. Sasa sukari ilionekana. Kilichokosekana ni pesa ya kuinunulia. Ada za sekondari, zilizokuwa zimefutwa, nazo zikarudi.

Kwetu mambo yalifika shingoni mwaka 1993. Baba alikuwa mtumishi wa shirika moja la umma. Yalipoanza mageuzi ya mashirika, alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, akapewa kiinua mgongo ambacho hakikumaliza mwaka. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nyuma yangu wadogo watatu. Baba alikaa uani miezi kadhaa akisikiliza redio, asijue la kufanya.

Mama hakukaa. Alimwendea Bibi wa Reli, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kupungua nguvu, akamwambia: "Mama, nataka kuuza." Bibi akamjibu: "Basi ongeza sufuria, mwanangu."

Saa tisa usiku majiko manne yalikuwa yanawaka. Keki zilikatwa vipande, zikapangwa katika beseni na kufunikwa kitambaa cheupe. Wadogo zangu walipeleka stendi ya mabasi kabla ya shule, mimi nilipeleka maofisini wakati wa chai. Siku ambazo siagi ilipanda bei, mama alikaanga hafkeki, ambazo hazidai siagi nyingi na hukaa siku nyingi bila kuharibika. Jumamosi ilikuwa siku ya visheti na kashata, kazi ya Bibi. Sufuria zile zilinimalizia kidato cha nne mwaka 1995, na baadaye zikanilipia stashahada ya uandishi wa habari. Sauti hii mnayoisikia kila juma imenunuliwa kwa vipande vya keki, na sioni haya kusema.

Wala haikuwa nyumba yetu peke yake. Miaka hiyo, baba wengi walipoletewa barua, ukipita asubuhi Njoro, Majengo au Pasua, ulikuta kila nyumba ya tatu mama anapika kitu cha kuuza. Vitabu vya uchumi vinaeleza jinsi nchi ilivyovuka kipindi kile kwa kutaja mikataba, mikopo na masharti ya mashirika makubwa. Mimi nilikuwepo. Niliona beseni.

Leo mambo yamebadilika. Keki ya Moshi inaagizwa kwa simu, inaokwa kwa oveni ya umeme au ya gesi, inaandikwa jina la mtoto kwa rangi tatu. Wanaozipika wengi ni wasichana wanaofanyia kazi nyumbani, kama mama alivyofanya. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Siupingi. Nimemwona mama akikohoa moshi wa saa tisa usiku kwa miaka kumi, siwezi kumwombea mtu mwingine kifua kile. Mkaa na uende.

Ila visiende vyote. Mapema mwaka huo huo wa 2024 mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika na kupanda bei, na nikawasikia vijana wakishangaa kana kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Wangejua la kuwauliza mama zao, wasingeshangaa. Mama zao walipika keki wakati sukari ilikuwa kama dawa.

Kwa hiyo, kijana wangu wa harusini, jibu langu ndilo hili. Jina la keki ni la Mwingereza. Moto ni wa pwani. Sukari ni ya Arusha Chini, siagi ilivuka mpaka kwa miguu usiku, na mkono uliosaga ni wa mama wa Uru. Ukishavitoa hivyo vyote, Mzungu anabaki na jina. Ndafu ni yetu, nami naipenda, lakini usiinyang'anye Njoro keki yake.

Namalizia kwa jambo moja linalonisumbua. Bibi wa Reli alifariki mwaka 1998, tukamzika hapa hapa Moshi. Nilipokuwa naandika maelezo haya nilimpigia simu mama nikamwuliza jina halisi la Bibi. Mama akanyamaza muda mrefu. Akasema: "Mwanangu, nilimwita mama miaka yote ile. Sikuwahi kumwuliza."

Jina la Waziri Mkuu wa mwaka 1983 nimewatajia, na tarehe ya kifo chake nimewatajia. La mwalimu wa mama yangu sina. Basi juma hili, ukiwa na mama, bibi au jirani aliyekupikia wakati wa shida, mwendee, umsalimu, umwulize jina lake na umwulize alifundishwa na nani. Uandike.

Hadi juma lijalo, nawatakieni kila la heri.